Plagi Sita Juu ya Gunia

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, ingawa mengine mengi yamenitoka. Nilikuwa dereva mpya wa lori la Bwana Hamisi, mfanyabiashara wa mchele pale Mbeya. Injini ilikuwa na silinda sita na kabureta moja tu, ya kuchanganya petroli na hewa, katikati. Palikuwa na kibati cha kupitisha moto wa ekzosi, bomba la moshi, ili upashe joto bomba linalogawa petroli. Jana yake, kwa ujuaji wangu, nilikuwa nimekifunga kwa waya kisipitishe moto. Moto na petroli vikae pamoja vipi?

Tulijaza petroli kwa Mzee Salehe, muuza petroli wa Iyunga. Hatukufika mbali, lori likaanza kukohoa. Nikaongeza petroli kwenye kabureta. Likatoa moshi mweusi, na nguvu hakuna. Nikapunguza; likagonga ndani kama nyundo. Nilichanganyikiwa kabisa. Likishiba linakohoa, likinyimwa linakohoa!

"Yule mzee katutilia maji," akasema Bwana Hamisi. "Nikirudi, Mbeya nzima itamjua."

Nikaukumbuka ule waya. Nikanyamaza.

Tukajikokota hivyo hivyo safari ndefu mpaka Igawa. Pale fundi mmoja mtu mzima, Mzee Sanga, alifungua plagi zote akazipanga juu ya gunia. Za katikati nyeusi tii, za pembeni nyeupe. Petroli ileile, kabureta ileile! Nilibaki nimekodoa macho.

"Ingekuwa maji, zote zingeugua," akasema. "Bomba limepoa, petroli inapita mbichi, haigeuki mvuke. Hawa wa kati wamelewa, wale wa pembeni wana njaa, na wewe unazidi kumimina tu. Nani kafunga huu waya?"

Uso ukaniwaka kwa aibu. "Mimi, mzee."

Bwana Hamisi hakunifukuza. Alisema tu nikamweleze Mzee Salehe kwa mdomo wangu mwenyewe. Tuliporudi, nikaenda. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai.

"Ulinyamaza muda gani?"

"Toka hapa mpaka Igawa."

"Mbali," akasema. Chai ile ilinishinda kunywa.

Nisikudanganye, mambo ya petroli ndani ya lile bomba hayajanikaa kichwani hata leo. Ila hili nalijua: usipoelewa, usikimbilie kuongeza wala kupunguza. Sema kwanza ulichogusa, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, mwanangu, na ukinyamaza, akurudishe kabla hujafika Igawa.