Kengele ya Zizi la Bibi

Juzi nilipita kwa mafundi simu pale sokoni Bariadi, kijana mmoja akawa anajaribu spika. Ukatoka mlio mzito, ukapanda taratibu. Watu waliendelea kuchagua makava ya simu. Mimi nilirudi nyuma hadi barabarani, rafiki yangu, mtu mzima na watoto wangu.

Nilikumbuka kengele ya bibi. Soko huria lilipoanza, redio za bei rahisi zilijaa minadani, na nyingi zilikufa kabla ya betri zake. Mama mdogo, mwalimu wa sayansi tuliyeishi naye kwa bibi, alizifungua hizo maiti akaunda kengele ya zizi la mbuzi. Waya ukisukumwa, boksi linalia kama nyenje, bibi anatoka na tochi kumfukuza fisi. Tulilala vizuri. Asubuhi tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga bila kuhesabu mbuzi kwanza.

Kisha rizista moja ikaungua. Mama mdogo hakuwa na ya kiasi kile, akaweka yenye ukinzani mkubwa zaidi. Rizista ndiyo inayouachia umeme upite haraka au polepole, na mlio hufuata hapo hapo. Nyenje wetu akapata sauti nzito, ya kuanzia chini na kupanda. Tulicheka sana, wajinga sisi.

Jioni moja beberu akasukuma waya. Jirani, ambaye mtoto wake alikuwa na homa isiyoshuka, akasikia fisi analia uani kwa kikongwe mwenye macho mekundu. Macho yale yalikuwa ya moshi wa samadi tu, miaka yote ya kupika. Lakini siku zile vikongwe wa macho mekundu walisemwa kwamba ni wachawi wanaopanda fisi usiku, na wengine walikatwa mapanga.

Asubuhi wakaja wanaume, jirani mbele.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia bibi kwa Kisukuma kama mama yake, kwa heshima zote. Heshima ile ndiyo iliyonitisha.

Mama mdogo akaweka boksi juu ya kigoda, akalifungua. "Sikilizeni wenyewe. Nikiweka hii ndogo, sauti inakuwa nyembamba. Nikiweka hii kubwa, inakuwa nzito. Hakuna fisi hapa." Akabadilisha, nyenje, akabadilisha tena, fisi. Wengine wakaanza kutabasamu. Nikapumua.

Jirani hakutabasamu. "Tumeelewa, mwalimu," alisema. "Kumbe siku hizi mama yako anamfungia fisi wake kwenye boksi."

Tabasamu zote zikafa. Waliondoka bila kuaga.

Kabla ya jua kuzama tulikuwa juu ya lori la pamba kuelekea Mwanhuzi, bibi katikati yetu, kitenge kimemfunika hadi usoni. Hakurudi tena. Mji wake sasa ni shamba la mtu, zizi sikuliona, hata jiwe la jikoni sikulipata.

Bibi alifia kitandani kulekule Mwanhuzi, kwa uzee, si kwa panga, mlango ukiwa wazi. Wengine husimulia mali walizoachiwa na bibi zao. Sisi tunasimulia hilo.