Siku Kamera Ilipomkataa Mtoto Wangu

Uvumilivu wangu uliisha pale karani wa kituo cha chai aliponiambia nirudi nyumbani na majani yangu, eti kamera imeyakataa. Jana yake pia iliyakataa, nikayamwaga. Nilivua gambuti, nikapanda juu ya meza ya kuchagulia majani, nikaitazama hiyo kamera uso kwa uso.

"Mama, shuka," akasema kijana wa kompyuta. "Inapiga picha."

"Ipige. Na meno yangu iyaone."

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kiwanda kilikuwa kimeleta kamera isiyotumia filamu, kisanduku cha chuma kilichofungwa kwenye boriti juu ya meza. Hakuna aliyebonyeza kitu. Kijana alikuwa ameipangia kazi kwenye kompyuta: mtu akimwaga majani, ipige, akiyageuza, ipige tena, na tena. Halafu kompyuta inaangalia picha zote na kusema kama ni majani mawili na chipukizi, yale yanayotakiwa, ama ni magumu.

Na mimi nachuma vizuri. Hata mama mkwe anakubali, na yeye huwa hakubali kitu.

"Nionyeshe hizo picha," nikasema.

Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Picha ya kwanza, majani yangu, laini kabisa. Ya pili, nimeinama kuyageuza, na katikati yake kuna kitu kikubwa cha kijani, cha mviringo. Ya tatu, hicho kitu kimetoa mkono.

Ilikuwa kofia ya mtoto wangu. Kogo yake, mama yangu, alimfumia kwa uzi wa kijani wa soko la Ndanai. Nikiinama, mtoto mgongoni anafunika majani.

Karani akasoma kwenye kioo: "Jani moja, limekomaa kupita kiasi."

"Hilo ulichuma wapi?" mama mmoja kwenye foleni akauliza.

"Muulize bwana yake," mwingine akajibu. Wakacheka mpaka wakashikilia vikapu.

Kijana hakucheka. "Basi mvue kofia."

"Kwa baridi hii? Anza wewe na suruali."

Nikaomba karatasi, nikaandika hapo hapo:

"Kwa Meneja wa Kiwanda. Nalalamika rasmi. Kamera yenu imemhesabu mtoto wangu kuwa jani gumu, na majani yangu yamekataliwa mara mbili. Mtoto huyu hakuchumwa. Naomba karani ayakague majani ya leo kwa macho yake kabla hayajanyauka. Kamera ifundishwe kofia ni nini. Kofia haivuliwi. Jibu liletwe hapa juu ya meza, ndipo nilipokaa."