Waliogeukia Ukuta

Fundi wa kompyuta wa ghala letu la korosho ametutoka, na tulimzika Ufukoni kwa heshima zote. Heshima hizo ndizo zilizotuponza. Wenzake wa kazini walibeba jenereta la ofisi wakalipeleka msibani, waombolezaji wapate mwanga na pampu ivute maji ya kupikia. Ungefanyaje, msiba wa mwenzako? Umeme ukakatika mjini, na seva inayotunza uzito wa korosho za kila mkulima ikazimika.

Jenereta liliporudi mashine iliwaka, ila kanzidata, yaani programu yenye kumbukumbu hizo, ilisimama palepale. Kuiamsha kulitaka nywila ya msimamizi, na msimamizi tumeshamfukia. Marehemu alikuwa mcheshi, mkarimu wa chai, lakini hapo hakuwa na mchezo. Kila seva iliposimama, kabla hajagusa kibodi alisema, "Geukeni ukutani, jamani." Watu wazima, meneja wao na mimi niliyepita tu kuuliza mizani, tukatazama rangi ya ukuta hadi aseme tayari. Tulicheka, kisha tukazoea.

Sasa shangazi yangu wa Mpapura yuko uani mwa ghala na magunia yake, mavuno ya mwaka mzima, na bila mfumo ghala halipokei. Mawingu yakafunga. Meneja, kwa aibu, akamtuma kaka wa mjane akaulize nywila, ilhali mama wa watu yumo edani. Jibu likarudi: "Hata simu yake hakuwahi kunionyesha. Mnaniuliza mimi?" Mvua ikashuka. Shangazi akavua khanga ya juu akafunika gunia moja. "Mwanangu, haya mengine niyafunike na nini?" Swali hilo linaniuma mpaka leo.

Kesho yake alikuja mtaalamu kutoka bandarini. Aliiwasha kanzidata kwa njia isiyouliza nywila, kwa kuwa mashine yenyewe ilikuwa mikononi mwake, akasema sasa anaweka nywila mpya. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Alipogusa kibodi, meneja na watu wake wakageukia ukuta, wote, bila kuambiwa.

"Mbona mnanipa migongo?" akauliza. "Njooni mtazame."

Mchana huo magunia ya shangazi yalifunguliwa. Yakakataliwa yote kwa kulowa, isipokuwa lile la khanga. Mficha uchi hazai, walisema wazee. Marehemu nilimpenda, Mwenyezi Mungu amrehemu. Lakini wewe unayesoma hapa, kama ipo kazi unayoijua peke yako, mwite mwenzako leo atazame.