Nyumba ya Mwerezi ya Shemasi

Hoyt Pruitt alifika nyumbani saa kumi na moja jioni, miguu mizito, vumbi jekundu la mwerezi limemjaa kwenye nywele, kope na mikunjo ya shingo. Kiwanda cha kupasua mbao kilikuwa kimepungukiwa watu watatu tangu Krismasi, na Hoyt, mwenye umri wa miaka hamsini na sita na mgongo wa mtu wa themanini, alikuwa akisukuma magogo kwa niaba yao. Hakuvua viatu barazani. Alijikokota navyo mpaka sebuleni, akasimama mbele ya sanduku jipya la mbao lenye kioo.

"Shemasi," aliita. "Leo vipi, bwana?"

Shemasi alikuwa nyoka mfalme, mweusi tii, mwenye pete nyeupe zilizoungana kama mnyororo, urefu wake mita moja na kitu. Mke wa Hoyt, Ardeth, ndiye aliyempa jina, kwa kuwa alivaa nyeusi na nyeupe kila siku kama mashemasi wa kanisa lao. Alimwokota chini ya banda la kuku miaka kumi na saba iliyopita, mwembamba kama kamba ya kiatu. Pale Tennessee mkulima mwenye akili hamuui nyoka mfalme. Hana sumu, na wale wenye sumu huwameza. Lakini kumwacha ghalani ni jambo moja, kumlaza sebuleni kati ya televisheni na Biblia ni jingine. Watu walicheka mpaka wakachoka wenyewe. Ardeth hakujali. Hawakujaliwa watoto, na huyo ndiye aliyeamkiwa kila asubuhi.

Sasa ilikuwa wiki ya sita Ardeth yuko Kentucky, akimuuguza mama yake aliyevunjika nyonga. Alimwachia Hoyt maagizo: maji safi kila siku, taa ya joto isizimwe, na kila baada ya siku kumi panya mmoja wa friza, ayeyushwe kwa maji ya moto katika kikombe chenye picha ya jogoo. "Na usije ukanywea kahawa humo," alimwambia mlangoni.

Hoyt aliyeyusha panya, akamshika mkia kwa koleo, akamning'iniza. Shemasi aliinua kichwa kidogo. Kinywa chake kilikuwa wazi, anahema kama mtu aliyepanda mlima na mzigo. Kisha akakilaza kichwa tena. Panya wa nne huyo kutupwa.

Kiwandani mwenzake Dub, aliyekuwa akishika upande wa pili wa gogo, alikuwa amemchokoza mchana kutwa. "Bado amefunga huyo shemasi wenu? Kwaresima bado, mwambie!"

"Acha, Dub."

"Ni baridi tu, ndugu yangu. Hata mimi Februari silali na mke wangu bila soksi."

Hoyt aliitaka sana hiyo iwe sababu. Lakini miaka mingine ya baridi Shemasi alisusa chakula bila kuhema hivyo. Na mbavu sasa zilianza kuonekana.

Kilichomtia moyo kidogo ni sanduku lenyewe. Alilijenga usiku, wiki ile ile Ardeth alipoondoka, saa ambazo angepaswa kuwa amelala: mbao za mwerezi mwekundu alizozichagua mwenyewe, bila fundo hata moja, kioo mbele, na chini kitanda cha maranda ya mwerezi kilichoshindiliwa unene wa kiganja. Watu wa kwao kila wanachokipenda hukiweka kwenye mwerezi, nguo za bibi harusi, mablanketi ya bibi, hata mbwa wa kuwindia hulalia maranda yake. Kwa miaka kumi na saba Hoyt alikuwa amenung'unika juu ya yule nyoka. Kuomba radhi kwa mdomo hakujua. Sanduku lingesema. Ardeth angelikuta Jumapili akirudi.

Simu ililia.

"Mzee wangu, umekula?" Ardeth aliuliza.

"Maharage."

"Na mwenzio amekula?"

Mara tatu alikuwa amemjibu kwamba amekula. Leo hakuwa na nguvu ya kudanganya. "Hajala, Ardeth. Hajala tangu mwezi uliopita."

"Ulisema amekula."

"Nilisema."

"Anapumuaje?"

"Kinywa wazi."

"Hoyt, umebadilisha nini?"

Akamweleza, polepole, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Mbao. Kioo. Maranda. Alipofika kwenye kitanda unene wa kiganja alimsikia mkewe akivuta pumzi.

"Mtoe. Mtoe sasa hivi, simu iache hapo hapo."

"Ni mwerezi mzuri kabisa, mke wangu, wala hauna..."

"Nondo wanaokula nguo hawakai kwenye mwerezi kwa nini, we mwanamume? Kwa kuwa wanaupenda? Mafuta yake yanawaunguza mapafu! Nyoka naye ana pafu moja tu la maana. Mrudishe kwenye sanduku lake la zamani la kioo, weka magazeti, fungua madirisha. Nawe unavua nguo barazani?"

Hoyt akatazama viatu vyake. Kuanzia viatu mpaka mlangoni palikuwa na njia nyekundu juu ya zulia.

Miaka yote hiyo Ardeth alimvulisha nguo barazani, mvua au barafu, na yeye alidhani ni kwa ajili ya zulia.

"Hukuwahi kuniambia," alisema.

"Ningekwambia uvue suruali kwenye baridi kwa ajili ya nyoka, ungevua?"

Hoyt aliiacha simu. Alimbeba Shemasi kwa mikono miwili, mwepesi mno. Akamlaza juu ya magazeti, akawasha taa yake, akafungua madirisha, akapiga deki sebule nzima mgongo ukimlilia. Sanduku alilikokota hadi ghalani.

Jumapili Ardeth alirudi. Hakugomba. Alipiga magoti mbele ya kioo kwa muda mrefu, kisha akaenda ghalani peke yake. Aliporudi alisema, "Mablanketi ya mama yatakaa vizuri mle," akaenda kupika. Daktari wa nyoka, mwendo wa saa mbili kwa gari, alimdunga Shemasi sindano, akawaambia wasubiri. Wakasubiri. Panya wa tano akatupwa. Hoyt alianza kuzungukia mlango wa jikoni ili asipite mbele ya kile kioo.

Wiki ya tatu, Alhamisi, alikuwa barazani kwenye baridi, shati limeshavuliwa, suruali imefika magotini, anapigana na kamba ya kiatu cha pili, aliposikia sauti ya mkewe ndani.

"Hoyt! Amemshika!"

Hakusimama. "Anameza?"

"Subiri... Kichwa kimeingia."

Upepo ulimpuliza magoti. Jirani alipita na gari, akapunga mkono, naye akapunga.

"Mkia je?" aliita.

"Mkia bado unaning'inia. Usiingie na hayo mavumbi yako!"

"Siingii," alisema Hoyt. Akaegemea nguzo ya baraza, kiatu kimoja bado mguuni, akangoja kuambiwa mkia umeingia.