Mama haoni, na huko home walisema amekataa kula

Wakuu, niaje. Leo sina udaku. Nina jambo limenikaa kifuani, na nitalisimulia vile lilivyotokea, bila kuongeza chumvi.

Mimi ni mtu wa saluni hapa Kawangware 56. Nimeolewa, nina watoto wawili. Mama yangu ameishi Lindi, kule Kibera, tangu nikiwa mdogo, akikaanga samaki mbele ya mlango wake. Hao samaki ndio walinisomesha.

Kisha presha ya macho ikamwingia. Ilianza kula uoni wake wa pembeni, ikaja hadi katikati. Kliniki walituambia wazi, kilichoenda hakirudi.

Aliendelea kukaanga kwa kusikiliza mafuta, mpaka siku alipochomeka mkono. Hapo nikasema basi.

Najua mtaniuliza, mbona hukumchukua kwako? Wajaluo mlio humu mshajua jibu. Kwetu mama hawezi kulala katika nyumba ya mume wa binti yake. Ndugu wa kiume sina, na ushago, kule kijijini kwetu, hakuna mtu.

Mume wangu mwenyewe alimbembeleza. "Mama, hizo ni mambo za kitambo. Hii ni Nairobi."

Mama akacheka. "Wewe ni mkwe mzuri. Kwako nitakunywa chai, halafu nitaenda."

Basi tukampeleka home ya wazee iliyo karibu na saluni yangu. Pasafi, pametulia, wana bustani. Watu waliniambia nina bahati. Mimi nilikuwa namkosa mpaka nagombeza wateja bila sababu. Mama yuko dakika chache kutoka kwangu, na nilimtamani kama mtu aliyehamia Ulaya.

Siku moja mchana, wiki ambayo kazi ilinibana sijaenda kumwona, simu ikaita. Ni Mercy, dada anayewahudumia wazee pale home. Yeye humwita mama shosho, yaani nyanya. Mama alishamwambia kwamba kwa Wajaluo yeye ni dani, wakaishia kucheka, jina likabaki shosho.

"Mama Brian, shosho amekataa kula. Tukileta kijiko anafunga mdomo. Ni siku kadhaa sasa. Wanasema ikiendelea hivi itabidi aende hosi awekwe mpira wa kulishwa."

Nilitoka mbio na aproni yangu, nikamwacha mteja na dawa kichwani.

Nilimkuta ameketi wima mezani. Amekonda. Mbele yake kuna sahani ya wali laini na mboga za kupondwa, zimeshapoa. Mikono ameiweka mapajani, viganja vikitazama juu.

"Mama, mbona huli?"

"Nile aje na hatujanawa?"

Wakuu, nilitaka kulia pale pale.

Kule Lindi, chakula chetu hakikuanza na sahani. Kilianza na jagi na beseni. Mmoja anazunguka na maji ya moto kidogo, kila mtu ananawa, hata mgeni aliyepita tu kusalimia. Maji yakishazunguka, ndipo mkono unagusa ugali. Na kwa mtu asiyeona, hayo maji ndiyo yanamwambia wakati umefika.

Hapo home wazee hupanguzwa mikono vyumbani mapema, kisha wanaletwa kulishwa kwa kijiko. Siwalaumu, wazee ni wengi. Lakini mama aliona anatiwa kitu mdomoni kabla ya wakati, kama mtoto mchanga.

Niliomba jagi na beseni jikoni. Nikammiminia. Akanawa kidole kwa kidole, uso ukafunguka. Nikamsogezea sahani.

Hakuigusa. Alipapasa mezani hadi akaupata mkono wangu. Mkavu.

"Akinyi, wewe hujanawa."

"Mimi sili, mama. Nimeacha mteja."

"Basi tungoje."

Kumbe hakuwa amekataa chakula. Alikataa kula peke yake.

Nikanawa, nikavuta kiti. Tukala ule wali kwa mikono, sahani moja, mpaka akaipangusa kwa kidole. Mteja alinitukana kwenye simu, na alikuwa na haki.

Siku iliyofuata nikaja na ugali na samaki. Mercy aliogopa miiba. Mama ndiye aliyemtolea Mercy miiba.

Siku hizi Mercy huzungusha jagi meza nzima, na wazee wengine wamelipenda. Hakuna mtu ametaja mpira tena. Lakini sitawadanganya, bado namtaka kwangu. Nikipika jioni natega sikio, nikidhani ataniita. Hataniita, na mila yake siwezi kuivunja kwa niaba yake.

Nilichojifunza ni hiki. Kabla hujasema mzee amekataa, uliza kwao mambo huanzaje. Mwenye mzee asiyeona, au aliye mbali naye, aniambie hapa chini anafanyaje. Nataka kusikia, hata kama ni kunikosoa.

Kuna siku kazi hubana na siendi. Wiki iliyopita Mercy alinipigia saa ya lunch. Mama ameshanawa, sahani iko mbele yake, anauliza, "Akinyi amenawa?" Mercy akaniuliza amjibu nini.

Nilikuwa na povu la mteja hadi viwikoni. Nikamwambia, "Mwambie nimenawa. Aanze."

Tangu siku hiyo, saa ya lunch ikifika, najimiminia maji mikononi hata kama sina chakula. Sitaki iwe ni uongo.

Na sasa imefika. Wacha ninawe.