Kifaransa cha Fundi Cherehani

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na akishupalia jambo, usimkalie njiani. Safari hii ameshupalia Kifaransa. Mwanawe anaishi mbali, kaoa huko huko, na mjukuu wa pekee hajui lugha nyingine. Kila wakipigiana simu, mtoto hutoa salamu moja, huduwaa, kisha hukimbilia michezo yake. Shangazi hubaki ameishika simu. Huwa inaniuma kumtazama.

Basi akampata mwalimu, mteja wake wa magauni, akawa anamfundisha mle mle dukani. Mimi ninayeshona vifungo nilidhani ni mzaha. Kumbe shangazi hajifunzi neno mpaka alikate. Huliandika kwa chaki kwenye kitambaa chakavu, akapitisha mkasi kwenye silabi: cou, tu, rière, yaani mshonaji wa kike. Vipande vimezagaa kila mahali, kimoja nilikikuta kwenye chai yangu.

Kilichomtoa jasho ni mkazo. Sisi neno tunalikaza kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wao, alisema mwalimu, hupitisha maneno kadhaa kwa mfululizo, wakakaza silabi ya mwisho kabisa. Shangazi akahamia kwenye pedali: anachochea taratibu, taratibu, halafu anakanyaga mwishoni. Wateja wakauliza cherehani ina ugonjwa gani.

Siku aliyoambiwa kwamba faire ni kufanya, défaire ni kufumua, na refaire ni kufanya upya, alicheka peke yake. Akataka kujua nani aliwasimulia Wafaransa habari za kazi yake.

Hatimaye akapiga simu. Alikuwa na sentensi moja tu, kaifanyia mazoezi hadi mimi naiota: "Raconte-moi ta journée." Nisimulie siku yako. Mkazo ukatua mwishoni, sawasawa.

Kisha mtoto akaanza kusimulia, akasimulia, wala hapumui. Nikamwona shangazi anakodoa macho. Alikuwa amejifunza kuuliza. Jibu hakuwa amelifikiria kabisa. Hakuambulia kitu. Hata hivyo alisema "oui", yaani ndiyo, kila mtoto alipotua, na mtoto akazidi kuongea.

Mwanawe akaichukua simu upande wa pili, akataka kumweleza yaliyosemwa. Shangazi alikuwa analia, na hakujificha.

"Usinitafsirie, mwanangu," alimwambia. "Mrudishie simu, aendelee."