Vijiko Viwili Siku ya Mtihani

Nilipokuwa darasa la nne hapa Temeke, enzi za Mwingereza, mwalimu wetu aliamini kwamba mtoto mwenye akili ni yule anayekaa kama gogo. Mie sikuweza. Nilikuwa natikisa miguu na kujibu kabla hajamaliza kuuliza, na majibu yenyewe yalikuwa sahihi, jambo lililomuudhi zaidi.

Akamwambia mama anipeleke zahanati. Mama akaenda na chupa yake tupu, kama ilivyokuwa desturi, na dresa, yule mhudumu wa zahanati, akaijaza dawa ya kutuliza, yenye ladha ya chumvi. Kijiko kimoja kila asubuhi. Kweli nikatulia. Hesabu nilizokuwa nazimaliza wa kwanza, sasa nilizikodolea macho tu mpaka kengele inalia. Mwalimu akafurahi, akanitembeza darasa hadi darasa kama mwali anayetolewa ndani. "Tazameni adabu!"

Siku ya mtihani wa kwenda darasa la tano, mwalimu huyo huyo, aliyekwisha kujiona bingwa wa tiba, akaagiza ninyweshwe vijiko viwili, eti kwa kuwa mtihani ni mkubwa. Nikaandika jina langu, nikalaza kichwa juu ya karatasi, nikalala fofofo.

Nikafeli. Mama alipokwenda kumuuliza mwalimu, alijibiwa bila haya:

"Mama, dawa imefanya kazi vizuri sana. Zamani kelele zake zilikuwa zinatudanganya. Sasa ametulia, tumeona wazi kwamba hana akili."